Prinia subflava

Prinia subflava ni ndege mdogo mwenye mkia mrefu katika familia Cisticolidae. Anatokea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini kwa Sahara, akiishi vichakani, kwenye nyasi ndefu, kingo za misitu, bustani na mashamba. Mazingira ya namna hii ni mengi katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi: miombo iliyokatwa, mashamba ya korosho, ufuta na mbaazi, na ardhi iliyoachwa ikaota vichaka upya. Huko Nachingwea Waingereza walifyeka eneo kubwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Ndege wengi wa msituni hutoweka miti ikikatwa, lakini prinia huyu hustahimili.

Jinsi ya kumtambua

Ana urefu wa sm 10 hadi 13, mkia ukiwemo, na uzito wa takriban g 9. Mgongo ni kahawia bila michirizi, koo na kifua ni vyeupe, mbavu ni kahawia-njano na kingo za manyoya ya mabawa ni kahawia-nyekundu. Dume na jike wanafanana. Ndege wachanga wana rangi ya njano zaidi upande wa chini.

Alama zinazofaa zaidi ni mstari mweupe juu ya jicho, kama unyusi, na mkia mwembamba ambao manyoya yake ya kati ni marefu kuliko ya pembeni. Mara nyingi huusimamisha mkia huo na kuupunga huku na huku.

Anayemchanganya mtu zaidi ni Cisticola chiniana, ambaye naye ni wa kahawia na anapenda vichaka. Huyu ni mnene zaidi, ana michirizi mgongoni na mkia mfupi kuliko wa prinia, na unyusi wake hauonekani wazi. Apalis flavida ana mkia mrefu pia, lakini mgongo wake ni kijani na kifua ni njano. Prinia somalica anafanana sana na subflava, ila ni ndege wa maeneo makavu ya Kenya kaskazini, Ethiopia na Somalia, kwa hiyo hatarajiwi Lindi.

Kuzaliana

Hula wadudu. Tago ni kifuko cha nyasi kilichoshonwa kwenye majani, chenye mlango ubavuni karibu na juu. Jike hutaga mayai 2-4, kwa kawaida wakati wa mvua.

Mayai hayo ni ya ajabu: yanaweza kuwa meupe, buluu, mekundu au ya rangi ya zeituni, yenye madoa au mistari, lakini kila jike hutaga ya namna moja maisha yake yote. Sababu ni Anomalospiza imberbis, jamaa ya fumbwe, ambaye hutaga katika matago ya wengine. Yai lake lisipogunduliwa, makinda ya prinia kwa kawaida hufa. Utafiti uliofanywa kusini mwa Zambia umeonyesha kwamba prinia hulitambua yai geni kwa rangi na madoa yake, kisha hulitupa nje. Majike ya Anomalospiza hurithi rangi ya mayai kutoka kwa mama zao, na mpaka sasa hawajaweza kuiga mayai ya rangi ya zeituni.