Umelipa kwa M-Pesa, Risiti Iko Wapi?

Mama anayeuza nyanya katika soko la Sultan Hamud, wadi ya Kasikeu, analipia leseni ya biashara kwa simu. Ujumbe wa M-Pesa unaingia papo hapo, lakini afisa wa mapato akiangalia mashine yake haoni kitu. Hapo ndipo mtu hushawishika kulipa mara ya pili. Tafadhali usilipe.

Ujumbe ulio kwenye simu yako umetoka Safaricom. Risiti ya kaunti hutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza rekodi za mapato, nayo haijui kwamba umelipa hadi iambiwe. Anayeiambia ni mtambo wa M-Pesa. Seva huwa na anwani maalum ya kupokea taarifa hizo, kama mlango wa nyuma wa duka ambao anautumia mleta bidhaa pekee. Pesa zikiingia, mtambo hubisha hodi hapo na kuacha kikaratasi: nambari ya muamala, kiasi, saa, na nambari ya akaunti uliyoandika.

Stima ikipotea, mtandao ukikatika, au mafundi wakiwa wanaweka programu mpya, mlango huo hufungwa. Pesa zako zimefika, kikaratasi kimebaki nje. Kwa hiyo programu ya kupokea malipo hujaribiwa kwanza kwa malipo ya kuigiza, katika mtambo wa majaribio ambao Safaricom imewawekea watengenezaji programu, ndipo ihamishiwe kwenye seva yenyewe. Lazima pia itambue muamala ambao umeshaandikwa, kwa sababu taarifa moja yaweza kufika mara mbili. Nionavyo, hili ndilo zito zaidi: bila hilo, hesabu za kaunti zinaonyesha pesa ambazo hazipo.

Wakati mwingine seva haina kosa. Ukiandika jina lako badala ya nambari ya ankara, taarifa inafika lakini haina mwenyewe.

Basi usifute ujumbe wa M-Pesa. Ile nambari ya muamala ya herufi na tarakimu 10 ndiyo afisa atakayotumia kutafuta malipo yako. PIN haihitaji kamwe. Na ukiambiwa mtandao haupo, utume kwa simu ya mtu binafsi, kataa. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, na pesa zilizopitia simu ya mtu hazibishi hodi kwenye seva yoyote.