Fedha za Mwekezaji Zina Muda Wake

Mwishoni mwa 2012 kampuni ya Tiny Speck ilifunga mchezo wake wa intaneti, Glitch, kwa kukosa wachezaji wa kutosha. Mkuu wake, Stewart Butterfield, bado alikuwa na salio la fedha za wawekezaji, wakiwemo Accel na Andreessen Horowitz, nao wakaridhia alitumie kwa jambo jingine. Timu ikachukua chombo cha mawasiliano ilichokuwa imejitengenezea kwa kazi zake za ndani, ikakiboresha kiwe bidhaa ya kuuzia makampuni. Ndiyo Slack, iliyofunguliwa kwa umma Februari 2014. Mwaka 2021 Salesforce ilikamilisha kuinunua kwa takriban dola bilioni 27.7.

Uvumilivu ule wa wawekezaji ulikuwa na hesabu nyuma yake, na kila mwanzilishi wa kampuni changa anapaswa kuijua. Chukua mfuko wa uwekezaji wa dola milioni 50 uliogawanywa katika kampuni 25. Nyingi kati ya hizo zitakufa, au zitarudisha kile kile kilichoingia. Wenye fedha, mara nyingi mifuko ya pensheni na vyuo vikuu, tuseme wanatarajia kupata mara tatu, yaani milioni 150. Sehemu kubwa ya hizo itatoka kwa kampuni moja au mbili tu. Sasa wewe umejenga programu nzuri ya kusimamia maghala, na mnunuzi anakupa dola milioni 20. Mwekezaji mwenye asilimia 10 atapata milioni 2. Kwako na kwa familia yako bei hiyo ni ukombozi. Kwa mfuko wake haibadilishi kitu. Atakushauri ukatae, uajiri zaidi, ukimbilie soko kubwa zaidi. Mkataba ukimpa kura ya turufu, anaweza hata kukuzuia. Si ubaya wa moyo, ndivyo fedha zake zilivyopangwa.

Tena mfuko kwa kawaida huishi miaka 10. Ya mwanzo ni ya kuwekeza, ya mwisho ni ya kurudisha fedha kwa wenyewe. Yule yule aliyekusihi usiuze mwaka wa tatu anaweza kukuharakisha uuze mwaka wa nane.

Akili mnemba imeongeza ugumu. Programu ya kawaida ya kulipiwa kila mwezi ikishaandikwa, kumhudumia mteja wa ziada hugharimu kidogo sana. Programu inayotegemea modeli ya akili mnemba ya kukodi hulipia kila swali linaloulizwa, kwa hiyo mauzo yanaweza kupanda na hasara nayo ikapanda. Mwekezaji makini hutazama kinachobaki baada ya kulipia modeli, na kama wateja wa mwaka wa kwanza walirudi mwaka wa pili. Wingi wa waliojiandikisha bure haumwambii mengi.

Kabla hujasaini, muulize mwekezaji mambo mawili: mfuko wake ulianza mwaka gani, na kampuni yako ikiuzwa kwa kiasi gani ndipo ataridhika. Akikwepa kujibu, usisaini.