Meza Zisizo na Mwenyewe na Baridi ya Juni Njombe

Hoja ya kuwakusanya watumishi kwenye ukumbi mmoja wenye meza zisizo na mwenyewe huanza na hesabu inayoshawishi. Katika halmashauri zetu wengi hawakai ofisini wiki nzima. Afisa ugani yuko kwa wakulima wa parachichi, mhandisi yuko barabarani, mkaguzi yuko kijijini, na vyumba vyao vimefungwa kwa kufuli. Chukua idara yenye watu 20 ambao kila mmoja huwa ofisini siku 3 kati ya 5. Kwa wastani utakuta watu 12. Ukiweka meza 16, kanuni za uwezekano zinaonyesha kwamba meza zitapungua takriban siku 4 tu katika siku 250 za kazi. Unganisha idara mbili, watu 40 kwa meza 32, na upungufu haufiki hata siku 1 kwa mwaka. Kadiri watu wanaochangia wanavyoongezeka, ndivyo mabadiliko ya mtu mmoja mmoja yanavyofidiana.

Wala kubanana ofisini si jambo geni nchini. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, baadhi ya wizara zilipata hifadhi katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma kabla Mji wa Serikali wa Mtumba haujafunguliwa mwaka 2019. Kazi ziliendelea.

Lakini hesabu ile ina sharti: kuja kwa mtu mmoja kusitegemee kuja kwa mwingine. Njombe sharti hilo linavunjika. Mvua zikichachamaa kati ya Novemba na Aprili, barabara za vijijini huharibika na safari nyingi huahirishwa kwa pamoja. Kisha inafika Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, kuna malipo ya kukamilisha na taarifa za kuandika, na karibu kila mtu yupo mezani. Wastani wa watu 12 hauna maana tena. Wamekuja wote 20.

Na Juni hiyohiyo ndiyo kipupwe. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi joto hushuka chini ya nyuzi 10. Watu wanaingia na makoti yao na madirisha yanafungwa. Kila mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo watu 20 wanatoa kilowati 2, sawa na hita kubwa ya umeme. Ukumbi unapata uvuguvugu, na hakuna anayetaka kufungua dirisha.

Tazama kinachotokea hewani. Ukumbi wa mita 10 kwa 8, wenye dari ya mita 3, una mita za ujazo 240. Kila mtu hutoa kama lita 20 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Kama hewa haina pa kutokea, gesi hiyo inapanda kutoka sehemu 420 hivi kwa milioni, kiwango cha nje, hadi kama 2,000 ndani ya saa moja. Kiasi hicho hakiui mtu. Uzito wake ni katika kile kinachokionyesha: karibu sehemu 1 kati ya 25 ya kila pumzi unayovuta imeshatoka kwenye mapafu ya mwenzako. Mafua husafiri kwa njia hiyo, na kifua kikuu pia, katika nchi ambayo Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kuwa wafanyakazi wa ofisi za wazi zenye zaidi ya watu 6 walikuwa na siku za ugonjwa nyingi kwa asilimia 62 kuliko waliokaa peke yao chumbani.

Tiba haihitaji mitambo ya bei. Mwaka 2007 watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, walionyesha kuwa wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa zilibadilisha hewa vizuri zaidi kuliko vyumba vipya vyenye mashine. Sisi tunajenga kinyume: dari za chini na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata yakifunguliwa yote huacha nusu tu ya nafasi. Vipenyo vya juu, karibu na dari, vingetoa hewa ya moto iliyochoka bila kumpiga mtu baridi shingoni. Na jiko la mkaa lisiingie ukumbini kamwe. Kaboni monoksaidi inayotoka humo hushikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, haina harufu, na inaua.

Makambako, kilomita 60 hivi kutoka Njombe, dirisha wazi linaleta taabu nyingine: malori ya barabara kuu ya Zambia, na upepo wenye vumbi. Ila kelele inayoharibu kazi zaidi ni ya maneno. Tangu majaribio ya watafiti Colle na Welsh mwaka 1976 inajulikana kuwa sauti ya msemaji huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi hata kama msikilizaji haijui lugha hiyo. Mhasibu asiyejua Kibena atapoteza tarakimu zake vilevile simu ya jirani ikipokelewa kwa Kibena. Sakafu ya vigae na kuta tupu huirudisha sauti. Mapazia mazito na makabati ya vitabu huinyonya na kuitawanya.

Kuna kazi ambazo hazipaswi kuingia ukumbini hata kidogo. Mama anayemweleza afisa ustawi wa jamii kilichompata mwanawe anahitaji mlango unaofungwa. Kumnyima mlango huo ni kumnyima huduma, hata kama takwimu za meza zimenyooka. Wala tusidhani kubomoa kuta kutaongeza ushirikiano: watafiti Bernstein na Turban, mwaka 2018, walivisha wafanyakazi wa kampuni mbili vifaa vya kupimia, wakakuta mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa asilimia 70 hivi baada ya ofisi kufanywa wazi. Watu walihamia kwenye barua pepe.

Wakurugenzi wa Njombe na Makambako, kabla ya kusaini mchoro, hesabuni vichwa saa nne asubuhi kila siku ya kazi ya mwezi Juni. Wekeni kipimo cha kaboni dayoksaidi ukutani mahali kila mtumishi anapoweza kukisoma. Idadi ya meza, ukubwa wa madirisha na vyumba vya faragha vipangwe kwa takwimu za mwezi huo, wala si kwa wastani wa mwaka mzima.