Mzimu wa Kisarawe bado haujauzwa

Maili Moja, Kibaha, filamu za kutisha haziuzwi kwa bango. Kuna kibanda umiza chenye mabenchi na pazia zito dirishani. Jirani yake kuna kijana mwenye kompyuta anayekuingizia muvi kwenye flashi. Ukitaka za mizimu atakupa za Thailand, Korea au Indonesia, zilizokwisha kutafsiriwa. Sauti ya DJ anayetafsiri humfunika mwigizaji, marehemu wa Bangkok hugeuka jini, na watazamaji hucheka huku wameziba macho.

Wasanii wetu wana haki ya kulalamika. Aprili 2017 waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela, wakati zao zilikuwa zikidaiwa stempu za TRA tangu 2013. Ila urahisi wa bei hautoshi kueleza kwa nini mteja wa Kibaha anachagua mzuka wa Kiasia.

Waasia wanauza mali ya kale. Sadako wa filamu ya Kijapani Ringu (1998), mwenye nywele zilizofunika uso na vazi jeupe, ni wa ukoo mmoja na mizimu ya jukwaa la kabuki, ambako Yotsuya Kaidan ilichezwa tangu 1825. Kipya ni mkanda wa video tu. Wamarekani wakainunua Ringu, wakatoa The Ring mwaka 2002 na kuvuna karibu dola milioni 250. Thailand nao wamemrudia mara nyingi Mae Nak, mke aliyefariki kwa uzazi mumewe akiwa vitani. Mwaka 2013 wakamfanyia vichekesho, Pee Mak, mapato yakapita baht bilioni 1. Indonesia iliuza tiketi zaidi ya milioni 9 mwaka 2022 kwa KKN di Desa Penari, habari ya wanafunzi waliovunja miiko ya kijiji.

Huku kwetu mwongozaji Mussa Banzi alishaonyesha njia kwa filamu za Nsyuka na Shumileta, miaka ya 2000. Wengi waliofuata waliiga vipodozi: meno ya bandia, uso wa unga, macho mekundu, na kinanda kisichonyamaza. Kwangu hicho kinanda ndicho kilichoua biashara. Hofu inataka kimya.

Kisarawe, hapa hapa mkoani Pwani, ina malighafi ya mizimu. Upo msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, yapo mapango yaliyochimbwa udongo wa kaolini na sasa ni makazi ya popo, na Wazaramo wanaye kinyamkera, pepo anayesemwa kukaa mibuyuni. Pepo wa mwambao wameandikwa tangu 1903, katika Desturi za Wasuaheli ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mzimu hauhitaji magari wala jumba la kukodi Mbezi. Gharama kubwa ni taa za usiku na fundi sauti anayejua kazi.

Kibali cha kurekodi kinaombwa Bodi ya Filamu, cha msitu kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Habari za kinyamkera zinaombwa barazani kwa bibi wa Maneromango, huko huko Kisarawe, na posho yake iandikwe kwenye bajeti, mstari mmoja na mafuta ya jenereta.