Kilombero: Bonde la Neema Linalopitwa Bila Kutazamwa

Watu wengi wa Dar es Salaam, Dodoma na Unguja wameijua Ifakara kwa kinywa kabla ya kuijua kwa macho, maana mchele wake umekwisha kuingia katika sufuria zao, na mwenye duka akitaka kuisifu bidhaa yake haoni haja ya kusema zaidi ya kulitaja jina la mji huo. Lakini ukiwauliza watu hao hao nchi inayowalisha ina sura gani, mito gani na viumbe gani, aghalabu hawana jawabu. Msafiri wa tafrija hupita Mikumi, akawatazama tembo na twiga, kisha akashika njia yake ya Iringa, wala hajui kwamba pale mjini Mikumi, lau angalikata mkono wa kushoto kuelekea Kidatu, angaliingia katika bonde lenye rutuba na ajabu ambazo ni nadra kukutana mahali pamoja.

Njia hiyo, ambayo siku hizi ina lami hadi Ifakara, huanza kwa mashamba ya miwa, kisha ikafuata nyayo za milima ya Udzungwa, iliyo mkono wa kulia kama ukuta wa kijani. Hapo ndipo penye hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye eneo la kilometa za mraba 1,990, na humo, juu ya kijiji cha Sanje, maji huporomoka kwa ngazi masafa ya meta 170 hivi. Msitu unaoyazunguka ni maskani ya mbega mwekundu wa Udzungwa na ya mangabi wa Sanje, nyani ambaye wataalamu hawakumjua hadi mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa wakisikia sauti yake tangu enzi za mababu. Maji ya milima hii ndiyo yanayolistawisha bonde lililo chini, na mwenye kuyaona yakianguka Sanje amekwisha kuona chanzo cha wali atakaoula Ifakara.

Ukitoka Ifakara kwa njia ya Mahenge, baada ya mwendo mfupi unakutana na Mto Kilombero, na ng'ambo yake kipo kijiji cha Kivukoni. Zamani abiria hawakuwa na hiari ila kuingoja pantoni, na maji yalipokuwa na ghadhabu safari hiyo ilikuwa na hatari. Mnamo Januari 2016 kivuko kilipinduka. Sasa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384 na lililozinduliwa Mei 2018, limeiondoa adha hiyo, na ni haki kushukuru. Lakini neema hii ya wepesi imemnyima msafiri wasaa wa kuutazama mto, naye huuvuka akiwa amesinzia garini. Rai yangu ni kwamba ateremke Kivukoni, amtafute mwenye mtumbwi anayeyajua maji na maficho ya mamba na viboko, wapatane ujira, kisha aone alikuwa akipita juu ya nini.

Atakachokiona ni mbuga ya mafuriko iliyoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 7,967. Maji yake ni zaidi ya nusu ya maji yote ya Mto Rufiji, kwa hiyo hata umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lililo katika mto huo, unategemea salama ya mbuga hii na matete yake. Miaka ya nyuma wataalamu walikisia kwamba robo tatu ya sheshe wote duniani, swala wa rangi ya dhahabu apendaye kingo za maji, waliishi humu, ijapokuwa leo wamepungua sana. Katika matete hayo hayo hujenga mnana wa Kilombero, ndege wa manjano aliyeingizwa katika vitabu vya elimu mwaka 1990, ambaye hana makao mengine ulimwenguni. Na mwaka 2021 ndege wawili wadogo wa manyasi ya bonde hili walipewa nao majina yao ya kisayansi.

Sasa nije kwenye chakula, kwa kuwa hapa chakula na mandhari havitengani. Wandamba, wenyeji wa kale wa maji haya, ni mabingwa wa mtumbwi wa gogo moja na wa mgono, mtego wa samaki uliosukwa kwa vijiti. Mto unapofurika, hususa baina ya Machi na Mei, samaki hutoka wakaenea mbugani kuzaliana. Maji yanapopungua huanza kurudi, na njiani mgono unawangoja. Perege, kitoga na ngogo hupikwa wabichi, na kambale aliyezidi hupasuliwa, akatandazwa juu ya chanja, na kuni zisizotoa miali zikafuka chini yake usiku kucha, hata ngozi ikawa na rangi ya shaba na nyama ikakauka bila kuungua. Samaki huyo huroweshwa katika maji ya moto, akachemshwa na nyanya na vitunguu, na mwisho akatiwa tui zito.

Mwenzi wake ni wali. Mpunga unapokaribia kukomaa jamaa nyingi huhamia mashambani, wakalinda mchana kutwa juu ya dungu ili ndege wasiwatangulie kuvuna. Mbegu za kale kama Supa na Kula na Bwana hazizai kwa wingi kama Saro ya kisasa, lakini wakulima hawajaziacha, kwa ajili ya harufu yake. Mchele mpya hautaki maji mengi: maji yakikaribia kukauka mpishi huinjika sufuria juu ya moto hafifu, akapalia makaa juu ya mfuniko, na harufu ikamtangulia mgeni mlangoni.

Kutoka Ifakara reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, inakwenda kusini magharibi hadi Mlimba ikipita chini ya milima. Upande huo yamo maporomoko ya Kihansi, makao pekee ya chura mdogo aliyetangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, akarudishwa mwaka 2012. Huko huko, Mbingu, kampuni ya Kokoa Kamili tangu 2013 hununua kakao mbichi ya wakulima wadogo, ikaichachua na kuianika, na leo makasha ya chokoleti ya Marekani na Ulaya yameandikwa jina la Kilombero.

Hilo ni somo kwetu. Wajapani wa Uonuma, katika mkoa wa Niigata, huuza mchele wao kwa jina la wilaya yao, na watu hufunga safari wakaule pale pale ulipovunwa. Mchele wa Ifakara una sifa hiyo ya jina, bali haujapata wageni. Wakati huo huo bonde linaelemewa na mashamba yanayopanuka, mifugo mingi na mivutano ya mipaka ya hifadhi, na mkulima au mvuvi asiyepata faida kwa kuyatunza matete hatakuwa na sababu ya kuyatunza. Mgeni anayelipa ujira wa mtumbwi na sahani ya mama lishe anaipa mbuga thamani ambayo mwenyeji anaishika mkononi.

Basi, msomaji, nenda baina ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu na mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa. Lala chini ya chandarua, kwani Ifakara, kwa utafiti uliofanywa hapo, ndiyo iliyoifunza dunia mengi kuhusu mbu na malaria. Usinunue samaki mchanga. Kula chakula cha pale, na ukirudi, taja jina la mahali ulipokila.