Shanga za Mkukutu, waya wa Kariakoo

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa au Lindi huijua Kibiti kwa korosho zinazonyanyuliwa dirishani basi linapopunguza mwendo. Anayekwenda Mafia hukata kushoto hadi Nyamisati, akasubiri boti. Wote wawili hupita juu ya ardhi iliyowahi kufukiwa shanga zilizotoka mbali sana.

Mwaka 1999 Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika katika jarida la Current Anthropology kuhusu shanga za kioo zilizofukuliwa Mkukutu, Kibiti. Alizihusisha na ulimwengu wa Warumi, na kwa njia hiyo akaiunganisha delta ya Rufiji iliyo jirani na Rhapta, bandari inayotajwa katika Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza. Mwongozo huo unasema wenyeji walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, wakiuza pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Walicholetewa ni mikuki, mashoka, visu, misharasi na vito vya kioo vya namna mbalimbali. Wataalamu wanabishana hadi leo Rhapta ilikuwa wapi. Na iwe Rufiji au isiwe, shanga zile zilikutwa Kibiti, na ushanga hauoti kama mkoko.

Kilichonivutia zaidi ni upande wa pili wa mizani. Chami huyo huyo alichimba Limbo, kwenye ukanda huu huu wa pwani ya kusini, akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa kale. Kioo kililetwa, lakini chuma kilifuliwa hapa hapa. Kwa hiyo bangili ninayoieleza hapa, ya vipete vya waya vilivyoshikana, vikiwa vimevishwa shanga, inaunganisha vitu visivyo vigeni kwa watu wa huku. Karne ya 19 misafara iliyokwenda bara kutoka Bagamoyo ilibeba shanga, nguo na mizunguko ya waya kama fedha za njiani, na Wakamba wa Kenya walisifika kwa mikufu myembamba waliyoitengeneza kwa waya huo.

Ukitaja shanga mbele ya watu wa pwani, mawazo huenda kiunoni kwanza, na kicheko kidogo hufuata. Shanga za kiunoni hutungwa kwa uzi, na uzi ndio adui wa kila mvaa shanga: jasho na maji ya chumvi huuozesha, siku moja ukakatika sokoni na mali yote ikatawanyika mchangani. Bangili ya vipete haina uzi. Kipete kimoja kikifunguka, umepoteza ushanga mmoja, na dakika mbili za plaizi zinatosha kurekebisha.

Kazi huanza na waya wa shaba au alumini wenye unene wa milimita 1, unaopatikana Kariakoo. Uzungushe kwa mkazo kwenye msumari mnene wa karibu milimita 4, kila mzunguko ukigusana na mwenzake, hadi upate kitu kama springi. Ichomoe, kisha ikate kwa mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mzunguko unakuwa kipete. Kikata waya cha kawaida huacha ncha moja imechongoka, na ncha hiyo itakwaruza mkono. Msumeno mwembamba wa sonara hukata ncha mbili zikakutana sawasawa. Mwenye haraka atatumia kikata waya, mwenye wateja atafute msumeno.

Kuna hesabu moja tu ya kukumbuka: gawanya upana wa ndani wa kipete kwa unene wa waya. Jibu likiwa 4, mambo ni mazuri. Likikaribia 3 bangili inakakamaa, na likipita 6 inalegea ovyo.

Sasa plaizi mbili, zote ziwe na midomo laini, maana zenye meno huacha makovu kwenye shaba. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kipete hakivutwi kwenda pembeni. Ukikivuta hivyo, uduara wake haurudi tena. Kipindue: ncha moja ije kwako, nyingine iende mbele. Wakati wa kufunga, pitiliza kidogo kisha rudisha, mpaka ncha zigusane na usikie mkwaruzo mdogo chini ya vidole. Usikifungue mara nyingi, shaba ikichoka inakatika.

Mshono rahisi ni wa mbili kwa mbili: vipete viwili hushika viwili, navyo hushika viwili vingine. Kwa mkono wa kawaida zitahitajika jozi kama 40. Kila baada ya jozi kadhaa weka kipete kimoja kipana zaidi chenye ushanga, kwa sababu ushanga ukikaa kwenye kipete kidogo huziba nafasi ya wenzake. Shanga ndogo kabisa hazifai, waya haupiti tunduni. Aliyezoea kusuka mkeka wa ukindu, kama walivyo wanawake wengi wa Rufiji, hatasumbuka kufuata mpangilio. Akishauzoea anaweza kujaribu wa nne kwa moja, ambao ndio ulioshona deraya za askari wa zamani.

Hewa ya delta ina chumvi, na shaba itafifia. Isugue kwa ndimu na chumvi, uisuuze na kuikausha. Kama shanga zake zimepakwa rangi juu, zisilowekwe.

Soko lipo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Baadhi ya wageni wanaofuata papa potwe Mafia hupita Nyamisati na kukaa wakisubiri chombo, na mtu anayesubiri hununua. Bangili iliyotengenezwa mbele ya macho yake ingemvutia kuliko ile ya dukani Dar es Salaam.

Lakini nawaomba wanaochimba visima, misingi ya nyumba na mashimo ya mikorosho huko Kibiti: mkikuta shanga kuukuu ardhini, msizitunge wala kuziuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazilinda. Ziacheni zilipo, mpelekeeni taarifa mtendaji wa kijiji. Za kutengenezea bangili zinauzwa Kariakoo.