Sanamu za Nothi Ziko, Wewe Ndio Hujacheki

Mbogi ya Kanairo ikishuka Garissa, kitu ya kwanza wanaulizanga ni sanamu iko wapi wapige foto. Wamezoea hivo. Dedan Kimathi amesimama na bunduki yake kwa barabara yake tangu 2007. Tom Mboya yuko Moi Avenue tangu 2011, hatua chache tu kutoka pale alipigwa risasi 1969. Ukikatia Mombasa unapita chini ya Pembe, zile zimekutana juu zikatoa M, na wasee wengi bado hudhani ni za ndovu. Ni aluminiamu, maze. Ziliwekwa enzi ya mkoloni, miaka ya 1950, kukaribisha wageni wa kifalme.

Huku Nothi usitegemee mtu wa shaba kila raundabauti. Waislamu wengi huona kuchonga kiumbe chenye roho haifai, na mayut wa hapa tumelelewa hivo. Si Wasomali wote wanaenda hivo. Mogadishu walimwekea Hawo Tako sanamu, yule mama aliuawa 1948. Lakini kwetu Wasomali sanaa imekaa sana kwa vitu, na mi naona hapo ndio tunawashinda.

Cheki Hargeisa, kule Somaliland. Pale katikati ya tauni kuna ndege ya vita, MiG, imepandishwa juu ya nguzo. 1988 ndege za serikali ya Siad Barre zilikuwa zinapaa kutoka uwanja wa Hargeisa yenyewe, zinageuka, zinaangusha mabomu kwa keja za watu wa hapo hapo. Raia wakakimbilia mpaka wa Ethiopia kwa miguu. Leo watoto wanacheza chini ya hiyo ndege, wazee wanapiga shaah kando yake, na hakuna mtu anahitaji kuelezwa ni ya nini. Kwa Afrika Mashariki yote sijui sanamu inanishika roho ka hiyo.

Wajir nayo iko na ile story ya kuchanganya kichwa: Royal Wajir Yacht Club. Klabu ya mashua! Wajir! Maofisa wa mkoloni walikuwa wamekaa kwa joto, mchanga kila mahali, bahari iko mamia ya kilomita, wakaipa klabu yao hilo jina. Wasafiri wakifika wanauliziaga hiyo klabu kwanza. Poa, ulizia. Lakini ukimaliza, warya, nenda kwa visima, ju visima ndio vilifanya Wajir ikawa Wajir. Na ukibahatika ukutane na familia inahama. Aqal imevunjwa, mikeka imefungwa, ile miti iliyopindwa imesimama juu ya ngamia ka mbavu za jahazi. Hiyo nyumba imejengwa na kina mama, imebomolewa na kina mama, na itasimama tena jioni mahali pengine. Hiyo ndio mashua ya Wajir.

Sasa Garissa. Ukivuka daraja la Tana kutoka Madogo, umeingia tauni. Twiga wenyewe wako Bour-Algi, karibu tu, wanatembea kwa miiba bila haraka. Usikubali kuambiwa uone wa simiti. Hirola naye, yule swara ana alama chini ya jicho unadhani ana macho manne, anachungwa Ishaqbini kule Ijara, ju dunia nzima hata elfu moja hawafiki. Hao wawili waachwe wazunguke wakiwa hai.

Kwa raundabauti mi ningeweka koor. Ile kengele ya mbao inavalishwa ngamia shingoni, mchungaji anaiskia usiku hata kama giza imekula kila kitu. Haina roho, kwa hivo hakuna sheikh atalalamika. Haina kabila wala chama, na kila mtoto wa Garissa hata aliyezaliwa kwa plot anajua babu yake aliifuata. Iwe refu ka ghorofa moja, ya mbao ngumu ama chuma, na ulimi wake uachwe huru upepo wa jioni uicheze. Mafundi wa kuchomelea wako hapa, chuma iko kwa yadi, na mayut wa kuchonga wako wanasaka tu kazi. Kaunti ipeane raundabauti moja.